Waya wa Kupimia Injini ya Gari la Zamani

Katika kambi za askari na katika nyumba za polisi, mjini na wilayani, gari la familia kwa kawaida si gari jipya. Ni Toyota Corona, au Ipsum, au Raum, lililotumiwa kwanza na mwenyewe huko Japani, likashushwa bandarini Mombasa au Dar es Salaam, likaletwa Kampala kwa barabara, na tangu hapo limekuwa likipeleka watoto shuleni, wagonjwa hospitali na magunia ya mahindi kutoka kijijini. Mwaka 2018 Uganda ilitunga sheria ya kuzuia kuingizwa nchini magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kuundwa, na jirani zetu wa Kenya wana kikomo cha miaka 8. Lakini sheria hizo hazikuyaondoa barabarani magari yaliyokuwa yamekwisha kuingia. Hayo bado yanatembea, na wenyewe hawana budi kuyatunza.

Taabu huanza na taa. Taa ndogo ya rangi ya manjano yenye umbo la injini, au yenye neno CHECK, huwaka kwenye dashibodi na kukataa kuzimika. Gari bado linakwenda, ila linakunywa petroli kupita desturi, au linatetemeka linaposimama kwenye makutano. Bwana yuko kazini mbali, labda huu ni mwezi wake wa pili, na mama ndiye anayelipeleka gari gereji. Fundi anafungua boneti, anasikiliza, kisha anasema, "Mama, hizi ni plagi." Plagi zinanunuliwa, taa haizimiki. "Basi ni pampu ya petroli." Pampu nayo inanunuliwa. Juma la tatu inatajwa kontroli boksi, na hapo ndipo karo ya muhula inapoguswa. Haina maana kwamba fundi huyo ni mwizi. Wengi wa mafundi ni watu waadilifu wanaokisia kwa sababu tu hawana chombo cha kuwasomea yaliyoandikwa ndani ya gari.

Na kweli yameandikwa. Gari lenye injini ya sindano za petroli huendeshwa na kompyuta ndogo ambayo kila wakati inapokea habari kutoka kwenye sensa: joto la maji, kiasi cha hewa inayoingia, mahali ilipo pedali ya mafuta, oksijeni iliyobaki katika moshi. Habari moja ikipotea au ikija isivyotarajiwa, kompyuta huwasha taa na kuweka namba ya hitilafu katika kumbukumbu yake. Kazi ya waya wa kupimia ni kuitoa namba hiyo na kuionyesha kwenye kompyuta ya nyumbani au kwenye simu. Waya wa namna hii siku hizi hupatikana kwa dola chache za Kimarekani, na ndiyo maana umeingia hata katika maduka yanayouza chaja za simu.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hununua kwa kutazama bei na umbo la plagi, wakidhani kwamba waya ukiingia katika tundu lake kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba magari hayasemi lugha moja, na gari la zamani husema lugha ambayo vifaa vingi vya leo vya bei nafuu havikufundishwa. Waya unaosifiwa na afisa mwenye gari la mwaka 2012 waweza kuwa bubu kabisa katika gari la koplo la mwaka 1998, bila ya waya wala gari kuwa na kasoro yoyote.

Yafaa historia yake ielezwe kwa ufupi. Jimbo la California nchini Marekani lilikuwa la kwanza kudai, kuanzia magari ya mwaka 1988, kwamba gari lijipime lenyewe na kumwarifu dereva. Lakini kila kiwanda kilifanya kwa namna yake, chenye plagi yake na namba zake. Kuanzia mwaka 1996 Marekani nzima ilitaka magari yote ya abiria yawe na utaratibu mmoja unaoitwa OBD-II, wenye tundu moja la pini 16 na namba zinazofanana, kama vile P0301 yenye maana kwamba silinda ya kwanza inakosa kuwaka. Ulaya ilifuata kwa magari ya petroli mwaka 2001, na kwa yale ya dizeli mwaka 2004. Hata ndani ya utaratibu huo mmoja ziliruhusiwa lugha tano, mpaka mwaka 2008 Marekani ilipoamuru itumike moja tu, iitwayo CAN.

Angalia sasa mahali Japani ilipo katika hesabu hiyo. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe mwaka 1997 au 1999 halikufungwa na amri ya Marekani wala ya Ulaya. Viwanda vilikuwa na tundu la pini 16 mkononi kwa sababu ya magari ya kuuza nje, basi mara nyingi vililiweka na katika magari ya nyumbani. Nyuma ya tundu hilo, hata hivyo, kompyuta iliendelea kusema lugha ya kiwanda chake. Kwa hiyo yule mwenye Corona anayechuchumaa chini ya usukani na kuliona tundu lile lile alilolionyeshwa dukani huamini kwamba amefika, kumbe ameuona mlango tu.

Habari njema ni kwamba Toyota nyingi za miaka ya 1990 hazihitaji kununuliwa waya wowote. Chini ya boneti, kwa kawaida karibu na ukuta wa mbele au juu ya moja ya nguzo za springi, kuna kisanduku kidogo cha plastiki chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Upande wa ndani wa kifuniko umechorwa ramani ya matundu na majina yake. Mwenye gari akiwa amezima ufunguo huunganisha tundu la TE1 na tundu la E1 kwa kipande kifupi cha waya, au hata kibanio cha karatasi kilichokunjuliwa. Kisha hufungua ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, lakini hawashi injini. Taa ya CHECK itaanza kumeta, naye ahesabu.

Kumeta kwa haraka, kwa mfululizo usiobadilika, maana yake ni kwamba hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Kama ipo, taa humeta mara kadhaa, hutua kidogo, kisha humeta tena. Fungu la kwanza ni makumi, fungu la pili ni mamoja. Mara mbili, kituo, mara mbili, ndiyo 22, nayo ni njia ya sensa ya joto la maji. Mara nne, kituo, mara moja, ni 41, sensa ya mahali ilipo pedali ya mafuta. Namba 21 ni sensa ya oksijeni, na 52 ni sensa inayosikiliza mgongano ndani ya silinda. Zikiwapo hitilafu mbili, namba ndogo hutangulia, kisha baada ya kituo kirefu hufuata kubwa, halafu hesabu hurudi mwanzo. Mtoto wa darasa la nne aweza kukaa kitini na kuandika katika daftari huku mzazi akitazama, na ni vyema iandikwe, maana kumbukumbu ya mtu aliyechuchumaa juani si ya kutegemewa.

Kuna sharti moja. Ndani ya kisanduku hicho kuna pia tundu liitwalo +B, ambalo huwa na umeme ufunguo ukishafunguliwa. Atakayelichanganya na E1 ataunguza fyuzi, au kitu cha bei kubwa kuliko fyuzi. Kwa hiyo ramani ya kifuniko isomwe mara mbili, na kama kifuniko kimepotea, kazi isifanywe kwa kubahatisha. Katika baadhi ya Toyota za mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990, zisizo na kisanduku chini ya boneti, jambo hilo hilo hufanywa kwenye tundu la pini 16 kwa kuunganisha pini ya 4 na ya 13. Upande mpana wa tundu ukiwa juu, hizo ni ya nne katika safu ya juu na ya tano katika safu ya chini, kuhesabu kutoka kushoto. Hapo tahadhari ni kubwa zaidi, kwa sababu pini ya 16, iliyo mwisho wa safu ya chini, ina umeme wa betri hata ufunguo ukiwa mfukoni.

Kwa gari la Ulaya mambo ni mengine. Volkswagen Golf au Passat, au Audi, ya miaka ya 1990 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, huzungumza kwa uzi mmoja uitwao K, unaopita pini ya 7. Kwa gari hilo ule waya wa bei ndogo kabisa, uitwao KKL, wenye plagi ya gari upande mmoja na plagi ya USB upande wa pili, ndio hasa unaofaa. Waya huo hauna akili yake mwenyewe. Hubadilisha umeme wa gari uwe umeme wa kompyuta, na kazi yote ya kuzungumza huachiwa programu. Kampuni ya Ross-Tech ya Marekani hutoa programu iitwayo VCDS-Lite kwa magari ya kizazi hicho, ambayo hata kabla ya kulipiwa husoma namba za hitilafu, ingawa kazi zake nyingine hufungwa. Yahitajika kompyuta yenye Windows. Simu haitafaa. Na mwenye Golf ya kizazi cha 5, iliyotoka mwaka 2003, asiununue waya huo, kwa sababu gari lake limekwisha kuhamia lugha ya CAN.

Ndani ya waya wa KKL mna chipu moja ya kuzingatiwa, ile inayozungumza na USB. Nyingi huuzwa kwa jina la FT232RL ya kampuni ya FTDI ya Uskoti, na nyingi kati ya hizo ni za kuiga. Mwezi wa Oktoba 2014 ilionekana kwamba programu mpya ya FTDI, iliyoingia katika kompyuta kupitia masasisho ya Windows, ilikuwa ikizifutia chipu za kuiga namba yao ya utambulisho, na waya uliokuwa ukifanya kazi jana ukawa haujulikani tena na kompyuta yoyote. Kampuni iliiondoa programu ile baada ya malalamiko, lakini fundisho limebaki kwa wanunuzi. Waya wenye chipu ya Kichina ya CH340, iliyoandikwa wazi kuwa ni CH340, waweza kuwa ununuzi wa amani zaidi kuliko FT232RL ya uongo, ingawa si kila programu inayoipokea.

Kifaa cha aina nyingine, ambacho ndicho kinachouzwa zaidi, ni kile chenye akili ndani yake iitwayo ELM327. Hii ilibuniwa na kampuni ya Elm Electronics ya Kanada, iliyofunga milango yake mwaka 2022. Toleo la kwanza la chipu hiyo halikuwekewa kinga dhidi ya kunakiliwa, na tangu hapo dunia imejaa nakala. Uzuri wake ni kwamba chipu timamu hujua lugha zote tano za OBD-II na huzitafuta yenyewe moja baada ya nyingine. Ubaya ni kwamba nakala nyingi zimepunguzwa. Kifaa kinachojiita toleo la 1.5 kimejitaja kwa namba ambayo Elm Electronics haikuitoa kamwe. Haimaanishi kwamba ni kibaya, kwani vipo vya namna hiyo vinavyofanya kazi vizuri miaka mingi. Vile vidogo sana, vyenye ukubwa wa kiberiti na kujiita 2.1, ndivyo vinavyotiliwa shaka zaidi na wenye magari ya zamani, maana baadhi yake hujibu vizuri kwa lugha ya CAN tu na kunyamaza kwa uzi wa K. Kwa gari la mwaka 2010 kasoro hiyo haionekani. Kwa gari la mwaka 2002 hiyo ndiyo kasoro yote.

Namna ya kujua lugha ya gari kabla ya kutoa fedha ni kuchukua tochi na kulitazama tundu lenyewe. Si pini zote 16 zinazotiwa chuma. Chuma kikiwapo katika pini ya 6 na ya 14, gari huenda linasema CAN, na karibu kifaa chochote kitafaa. Kikiwapo katika ya 7 bila ya hizo mbili, ni gari la uzi wa K, na mnunuzi hana budi kumtaka muuzaji athibitishe kwa jaribio. Kikiwapo katika ya 2, huenda ni gari la Kimarekani la miaka ile, Ford au General Motors, ambalo halimo katika nyumba nyingi za kwetu. Kwa Toyota ya soko la Japani yenye chuma katika pini ya 7, zipo programu za simu zinazomruhusu mtu kuandika amri maalumu za kuanzisha mazungumzo, na hapo ELM327 timamu yaweza kulifumbua kinywa. Hiyo ni kazi ya kijana mwenye subira. Kibanio cha karatasi ni chepesi zaidi.

Kuhusu waya au hewa, neno ni fupi. Kifaa cha USB ni imara na chataka kompyuta. Cha Bluetooth hutosha kwa simu za Android. Mwenye iPhone achukue cha Wi-Fi, au kile cha Bluetooth kilichoandikwa waziwazi kwamba kinaikubali simu yake, maana vile vya kawaida haitaviona.

Namba ikishapatikana, yataka kusomwa kwa busara, na pengine hapa ndipo fedha nyingi zaidi hupotea kuliko katika ununuzi wa waya. Namba haitaji kipuri cha kununua. Hutaja njia ambayo habari zake hazikupendeza. Namba 22 katika Toyota, au P0115 katika magari ya OBD-II, husema kwamba njia ya sensa ya joto la maji ina kasoro. Yaweza kuwa sensa, lakini yaweza pia kuwa plagi yake iliyoingia kutu, au waya ulioguguniwa na panya gari lilipolala kambini miezi miwili. P0171 husema kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta, na sababu yake mara nyingi ni mpira wa hewa uliopasuka baada ya miaka 20 ya joto, mpira ambao bei yake haifiki robo ya bei ya sensa ya oksijeni ambayo fundi mwenye haraka atataka kuibadilisha. Kwa hiyo mama anayekwenda gereji na namba katika daftari asiseme, "Nibadilishie sensa." Aseme, "Namba hii imetoka. Tuanze na waya na mipira." Fundi mzuri hataudhika kwa maneno hayo, na mwingine atajua kwamba anazungumza na mtu aliyejitayarisha.

Jambo jingine ni kufuta. Vifaa vyote hivi vina uwezo wa kufuta namba na kuizima taa, na kidole huvutwa kugusa kitufe hicho kabla ya kingine chochote. Hitilafu haiponi kwa kufutwa. Zaidi ya hayo, pamoja na namba hufutwa picha ya hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea, yaani mwendo, joto na mzigo, ambayo ni msaada mkubwa kwa fundi. Iandikwe kwanza. Katika Toyota za kisanduku, kufuta hufanywa baada ya matengenezo kwa kuchomoa fyuzi ya EFI kwa nusu dakika au zaidi kidogo, ufunguo ukiwa umezimwa.

Uwezo huo wa kufuta hutumiwa pia na wauzaji wa magari yaliyotumika, ambao huizima taa asubuhi ili mnunuzi wa mchana asiione. Askari anayekaribia kustaafu na kutia kiinua mgongo chake katika gari ana kinga moja, ikiwa gari hilo ni la OBD-II. Kifaa huonyesha kama mitihani ambayo gari hujipa lenyewe imekamilika. Ikiwa karibu yote haijakamilika, kumbukumbu imefutwa karibuni au betri imechomolewa, na muuzaji aulizwe sababu. Ataweza kuwa na jibu la haki. Hata hivyo gari litembezwe siku mbili tatu kabla ya fedha kuhesabiwa.

Vifaa vya bei nafuu vina mipaka, na asiambiwe mtu vinginevyo. Aghalabu husoma injini peke yake. Taa ya breki za ABS, au ya mifuko ya hewa ya kukinga abiria, haitafunguka kwao katika magari mengi, na mifuko hiyo si ya kuchezewa kwa kibanio wala kwa waya. Kwa hayo gari lipelekwe kwa fundi mwenye mashine kamili, na kulipia kipimo kimoja ni nafuu kuliko kununua mashine itakayotumiwa mara moja kwa mwaka.

Kwa sababu hiyo hiyo hakuna haja ya kila nyumba kuwa na waya wake. Katika kambi yenye magari 10, waya mmoja wa KKL kwa wenye Volkswagen na ELM327 moja iliyojaribiwa kwa wengine hutosha, zikawekwa kwa mtu anayeaminika pamoja na daftari la namba zilizowahi kutokea na dawa iliyopatikana. Kifaa kijaribiwe mbele ya muuzaji, katika gari lenyewe na si katika gari la muuzaji, na makubaliano yafanywe kabla ya malipo kwamba kisiposema kitarudishwa. Na kila mara kipimo kinapokwisha, kichomolewe. Pini ya 16 hukilisha umeme usiku na mchana, na betri iliyochoka, ya gari linalomngoja mwenyewe arudi kutoka kazini mwishoni mwa mwezi, haitaustahimili mzigo huo.